Kimya cha Kirumba

Akelo aliingia kwenye mashine ya kusaga ya Ngosha, akalikalia gunia la mahindi la mteja wa kwanza, akasema hanyanyuki.

"Mama Okal, kulikoni tena?" Ngosha aliuliza, mkono uko kwenye swichi.

"Mwanangu ana intavyu saa nne. Wazungu wa Uholanzi, wanaongea naye kwenye kompyuta. Ukiwasha hilo dude lako watasikia nini?"

"Na mimi nitakula nini?"

"Utakula kwangu. Sato nimeshawapaka chumvi."

Ngosha alimjua jirani yake. Habari ikimfikia Akelo asubuhi, mchana iko mwaloni, soko la samaki, inauzwa pamoja na dagaa. Kugombana na mtu kama huyo ni kujitafutia umaarufu.

"Basi niache nisage mpaka aingie chumbani," alisema. "Akiingia, nazima."

"Nitapunga kanga. Uzime, na usiwashe mpaka nipunge tena."

Nyumba ya Akelo imebanwa hapo Kirumba: kushoto mashine ya Ngosha, kulia Chenge anachomelea mageti, mbele duka la vifaa vya ujenzi la Jasuben. Kuombana chumvi mpaka upige kelele. Okal alipopata kazi ya kutengeneza programu alihamia Bwiru, kwenye chumba kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Ajabu ni kwamba usaili ukitokea, anakuja kuufanyia kwa mama. Akelo alishajijibu mwenyewe kwamba mtoto anafuata baraka.

Mara ya kwanza, Waholanzi walimkataa.

"Walimsikia jogoo, Mama," Okal alisema siku ile, kichwa mikononi. "Nilikuwa nimeshafika kabisa. Jogoo ndiye aliyeniangusha."

Jogoo aliliwa jioni ileile, na Akelo hakumsamehe hata alipokuwa kwenye sahani.

Leo ndiyo nafasi ya mwisho. Akishindwa, wanachukua mtu wa nchi nyingine. Jana Okal alipiga simu, swali juu ya swali: kesho Ngosha anasaga? Chenge bado ana ile kazi ya mageti? Lori la Jasuben linashusha lini? Mama mtu alikosa usingizi kwa jinsi alivyomsikia mtoto ana wasiwasi.

Kutoka kwa Ngosha akaenda kwa Chenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu akifunga mlango, unavua hiyo miwani."

"Mama, hili geti la mchungaji, analifuata leo!"

"Mchungaji subira ndiyo kazi yake. Au nimuulize mkeo ulikuwa wapi Jumamosi?"

Chenge akasema atavua.

Jasuben hakuhitaji kutishwa. "Mwanangu Sachin alivyokwenda Kanada, sikufungua duka wiki nzima," alisema, akampigia dereva wa lori la nondo asubiri kule kona.

Okal alifika mashine ikiunguruma na cheche zikiruka. Alisimama uani kidogo, akageuza sikio huku na huku kama mtu anayepima nguvu za adui. Chai aliinywa wima. Kisha akaingia chumbani, akafungua dirisha la upande wa Chenge mpaka mwisho.

Joto la hofu hilo, Akelo aliwaza.

Okal akavaa hedifoni kubwa zilizomeza masikio yote mawili, akavuta pazia, akafunga mlango.

Kanga ikapungwa.

Kirumba ikanyamaza. Wenye mahindi yao wakaja kukaa uani, wa bombani wakaja na ndoo zao, Chenge na wasaidizi wake wakachuchumaa ukutani. Nyumba ilijaa kama ya msiba, ila msiba una maneno. Mama mmoja alianza, "Eti nasikia yule binti wa—", akakutana na macho ya Akelo, akameza.

Ndani Okal alikuwa anaongea kwa sauti ya juu sana, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

"Kumbe Kizungu cha huko kinaongewa kwa nguvu," Chenge alinong'ona.

"Nyamaza!"

Mwishowe vicheko vilisikika, kiti kikasogezwa. Akelo akapunga kanga mpaka mkono ukauma. Mashine ikanguruma, cheche zikaruka, lori likaja kumwaga nondo mbele ya duka kwa kishindo. Mlango ukafunguka, Okal akatoka mbio, hedifoni shingoni, akamnyanyua mama yake juujuu.

"Wamenichukua! Naondoka mwezi ujao!" Ilibidi apige kelele ndipo asikike. "Programu yangu imekubali, Mama! Ile ya kufuta kelele kwenye simu! Nimewaambia, nimekaa katikati ya mashine na fundi mageti, dirisha liko wazi, haya semeni mnasikia nini. Wanasikia sauti yangu tu! Wanasema hawajawahi kuona kitu kama hiki. Nakwenda kuwafungia kwenye simu zao zote!"

Ngosha, mlangoni kwake, alimwangalia Chenge. Chenge akamwangalia Akelo.

"Hongera, baba," Akelo alisema. Akamfuta mwanawe jasho usoni, taratibu. "Na hao majirani wa huko Uholanzi, ni watu wanaoombeka?"