Mahali pa Ndege Kutua

Alipofika hatua ya elfu moja, alianza kujiona mwizi. Akazidi kuhesabu. Mbele yake mamia ya heroe, miguu mirefu, mbawa za waridi, walisogea kidogo kumpisha, kama wanaomjua.

Walimjua. Tangu utotoni alikuja hapa na shangazi yake, mtu pekee aliyeijua njia ya kupenya mikoko hadi kwenye uwanda huu. Zamani watu wenye nyavu waliwavamia heroe wa ufuko wa pili, wakawabeba kwa magunia. Tokea hapo shangazi alimlisha kiapo: piga picha utakavyo, ila usimwonyeshe mtu.

Miaka kumi na moja picha zilikaa sandukuni, naye akishinda studio na picha za vitambulisho. "Kidevu juu. Usicheke."

Mpaka alipoingia yule mgeni wa viatu vinavyong'aa. Alipokwisha kupigwa picha yake, alitazama mandhari zilizobandikwa ukutani.

"Wewe pwani hii unaijua," alisema. "Natafuta mahali pazuri pa ndege kutua. Tunaandaa kijitabu. Picha ikifaa, itakaa jaladani, na jina lako chini yake."

Jina lake! Hapo akalegea. Akafungua sanduku.

Mgeni hakusema kama picha ni nzuri ama mbaya. "Uwanda una urefu gani?"

"Sijawahi kupima."

"Kapime. Mvua ikinyesha, pana tope?"

"Wapi! Pagumu kama sakafu."

"Safi. Ndege na tope wapi na wapi!"

Wakacheka wote wawili.

Zilikuwa hatua elfu mbili na mia moja. Akampelekea hesabu hiyo na picha, pamoja na ramani aliyoichora kwa mkono wake.

Wiki tatu zilipita. Kila shangazi alipomwita waende kuwatazama "wageni wetu", alisingizia kichwa. Mwishowe, siku moja wakimenya vitunguu jikoni, ikamtoka.

"Shangazi, kiapo nimekivunja. Nimemwonyesha mtu."

Kisu kikasimama. "Mwenye nyavu?"

"Hapana! Mtu wa ofisini. Alisema usalama wa ndege ndiyo kazi yake. Ameuliza mpaka habari ya tope."

Shangazi akaweka kisu chini.

"Mpaka tope?"

"Mpaka tope."

"Miaka yote hii nilijiona niko peke yangu." Akashusha pumzi. "Ungeniambia mapema, we mtoto. Akija tena mlete kwangu, nimpitishe njia mwenyewe. Na acha kulia, machozi ya vitunguu yanatutosha."

Alilia zaidi. Kusamehewa kulimuuma kuliko kama angepigwa.

Kijitabu kilifika studio Jumatatu asubuhi. Shangazi alikuwepo, kavaa nguo yake ya kutokea, na ndiye aliyeichana bahasha. Jaladani palikuwa na uwanda wao, mweupe, mpana, na chini yake jina la mpwa wake kwa herufi kubwa. Heroe walikuwa wamefutwa wote, hakubaki hata mmoja.

Shangazi akasogeza miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno:

"Ndege ya kwanza, yenye abiria themanini, itatua hapa mwezi Juni."