Mnyang'anyi wa Kisimani

Idarus alimkata mnyang'anyi upanga kwa mara ya saba, na bado yule mtu akasimama akicheka.

"Hebu mwangalie!" alimwita dadake, akimwonyesha skrini. "Mara ya kwanza alikuwa na rungu na kikoi kilichoraruka. Leo amevaa chuma kilichotiwa nakshi za dhahabu. Mtu mwenye mali hii ataka nini na tende za wapita njia?"

Mona alisimama mlangoni na sinia la mahamri. Mchezo ule ni yeye aliyemletea, wiki aliyopata shahada. Yeye na mwenzake Sidi waliunda michezo ya kompyuta katika chumba kimoja karibu na Ngome ya Yesu, na walitafuta watu wa kuijaribu.

"Ukipata nguvu, naye hupata," alisema.

"Basi kuna faida gani kupata nguvu?"

Mona aliingia na sinia lake.

Idarus alikuwa na kisasi na mnyang'anyi yule. Saa ya kwanza tu ya mchezo jambazi huyo alimuulia punda wake, akamvua kila kitu, akamwacha uchi kando ya kisima. Idarus akaapa kulipiza. Kila baada ya Alasiri alifunga duka lake la viungo, akakaa kupigana na fisi, kuvuka majangwa, kujifunza silaha. Mwanzoni aliiamini nchi ile hata akahisi kiu. Sasa kila adui alilingana naye kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, na ile nchi ikamtoka moyoni. Kilichobaki ni hamu ya kumwona mnyang'anyi akigaagaa mchangani.

"Kaka," Mona alisema, "wale wa kampuni ya michezo ya Kampala wameuliza tena. Wataka nianze kazi mwezi ujao."

"Pata shahada ya uzamili kwanza." Macho hayakutoka kwenye skrini.

"Ulisema stashahada, nikaipata. Ukasema shahada."

"Na sasa nasema uzamili. Baba hayupo, neno ni langu. Hutoki nyumba hii hivi hivi."

Mona aliliweka sinia chini taratibu, akapanda ghorofani.

Wiki tatu zikapita. Alasiri moja, Mona akiwa ametoka tangu asubuhi kwenda kazini kama kawaida, Idarus aliuawa tena pale pale kisimani. Safari hii mnyang'anyi alimkanyaga kichwa. Kwa hasira, Idarus akampigia Sidi simu.

"Bi Sidi, nimefika ngazi ya sitini! Nina upanga wa mfalme, na huyu mwizi wenu wa kisimani hafi! Nani aliyeunda upuuzi huu?"



"Wa kisimani? Bwana Idarus, yule ni dhaifu kuliko wote. Watu wengine humuua siku ya pili."

"Wangu je?"

"Wako Mona alimwandika mwenyewe, kwa nakala yako peke yake. Akaniambia nisimguse mpaka yeye afike Uganda." Sauti ya Sidi ilikuwa ya upole kabisa. "Ndege yake imetua sasa hivi. Nimeshampunguza nguvu. Haya, bwana, mpige. Atakufa kwa pigo moja."