Ukungu wa Mzee Mbwana

Mzee Mbwana, mpiga picha za mpira, alikuwa anaiuza lenzi yake ndefu kwa bei ya kutupa.

"Imeingia ukungu," alimwambia Tunu, mnunuzi. "Nimeianika juani kama dagaa, wapi! Hata namba za migongoni sizioni."

Tunu alimulika tochi ndani ya vioo. Vilikuwa safi kabisa. Na lenzi ya namna hiyo alikuwa akiiota miaka nenda rudi.

"Ichukue, mjukuu wangu, kabla sijaghairi."

"Babu, unachungulia kwa jicho gani?"

"La kulia. La kushoto la kukonyezea."

Tunu hakucheka. Alimshika kidevu taratibu, akaielekeza tochi kwenye jicho la kulia. Katikati ya mboni weupe ulikuwa umetanda kama tui.

"Enhe," mzee akauliza bila kupepesa, "ukungu upo, haupo?"