Mstari wa Tatu

Bi Tusekile, fundi cherehani wa miaka hamsini na sita, alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa siku hiyo kumwambia mwalimu wake kwamba anaacha kujifunza piano. Miezi minne alikuwa amekwama kwenye wimbo mmoja. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri, lakini wa kushoto, ukifika mstari wa tatu, uligoma kabisa.

"Vidole vyangu vimezoea sindano, mwalimu. Usijisumbue tena na mimi."

"Basi piga mara moja tu, mama, tuagane vizuri," alijibu mwalimu Simbeye.

Akapiga. Nyuma yao Ambakisye, mfagiaji wa ukumbi, alikuwa akiburuta mabenchi. Mstari wa tatu ulipokaribia, kelele za mabenchi zikakoma. Bi Tusekile akakosea palepale pa siku zote, akaondoa mikono.

"Aa, mama!" Ambakisye alisema. "Leo ulikaribia kweli."

Akageuka kwa mshangao. "Kumbe huwa unasikiliza?"

"Kila Jumanne. Nikifika nyumbani namwimbia mke wangu mpaka hapo unapokwama. Ananiuliza, halafu? Namwambia, mama bado hajafika."

Bi Tusekile alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Miaka yote watu walikuwa wakingojea nguo kutoka kwake. Hakuna aliyewahi kungojea wimbo.

Akajifuta viganja kwa kanga, akauweka mkono wa kushoto peke yake juu ya piano, akaanza taratibu. Ambakisye akaketi kwenye benchi la mbele, ufagio magotini.