Unyoya wa Kuzika

Kanu na Kicheche walikuwa wakiwala vifaranga wa Mama Kanga. Kanu alificha shimoni mwake unyoya mmoja wa kila aliyemla.

"Nikiushika, nakisikia tena kilio chake," alisema. "Najiona mkubwa."

"Utakuponza huo," Kicheche alimjibu. "Mimi yote natupa mtoni."

Kweli, manyoya aliyoyaficha Kanu yalionekana, naye akafukuzwa msituni. Mama Kanga aliyachukua, akayazika kama anazika wanawe. Lakini matanga hakuyaanua.

Kicheche akaja kutoa pole kwa uso mkavu. "Mama, si muuaji keshapatikana? Mbona bado uko msibani?"

"Wanangu wawili sijawaona hata unyoya, baba. Aliyewaua simtafuti, nimechoka. Akiniachia tu hapo njiani unyoya wa kila mmoja, nitazika, niinuke kwenye huu mkeka."

Kicheche aliaga akaondoka. Alishuka mtoni, akapekua matope hadi kucha zikamuuma. Kesho yake alirudi tena, na keshokutwa.

Mto ulikuwa umemtunzia siri yake vizuri mno.