Komeo la Nje

Sheria inataka nyumba ijengwe vilevile mashine ilivyoichora, kwa kuwa mashine huchora nyumba pamoja na maisha ya watakaoishi humo. Mimi na mume wangu, Kibwana, tuliipenda picha yetu, hata jiko la mkaa uani ambalo sikuliomba. Kisha nikaona komeo kwenye mlango wa chumba cha kulala. Lilikuwa upande wa nje.

"Fundi, hapa pamekosewa."

Fundi Mashauri hakuinua macho. "Shemeji, mashine haijakosea hata nyumba moja. Mimi nafunga kilichochorwa."

Nilimgeukia Kibwana, nikitaraji atacheka. Alikuwa ameikuza picha, anachungulia dirisha la chumba hicho.

"Mna mtu humo?" nikamuuliza.

"Upo wewe," akajibu kwa upole. "Fundi, komeo liwe imara."