Mkia wa Hondohondo

Enzi ambazo wanyama nao walikuwa na vyuo, Hondohondo ndiye aliyewatangazia mpira Kobe na wenzake wasioweza kufika uwanjani. Mwaka mmoja akazuka Tausi, naye akaitaka kazi hiyohiyo.

"Atakayetoa zaidi ndiye atangaze," akasema Kiboko, mkuu wa chuo, huku akipiga miayo.

Tausi akang'oa unyoya mmoja wa mkia wake, akauweka mbele ya Kiboko. Hondohondo akang'oa mawili. Tausi akatoa matano. Bila mpira Hondohondo alikuwa mdomo mtupu tu. Akafumba macho, akang'oa mkia wote.

"Nimekubali, kaka," akasema Tausi, akaenda zake.

Hondohondo akapanda kichuguu, akajikohoza, akaita, "Wasikilizaji wapenzi!" Kisha akatazama uwanjani. Hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Timu zote mbili, pamoja na refa, walikuwa kwa Kobe, wanagaagaa chini kwa kicheko.

"Mbona hamchezi?" akauliza.

"Wacheze nini tena, mwanangu?" akajibu Kobe. "Chiriku, pale juu ya mti, katutangazia mnada wenu wote, unyoya kwa unyoya. Kuna uhondo gani kuushinda huo?"

Hondohondo alitaka kufoka, lakini Kiboko alikwishafika.

"Haya, mabwana. Sasa ni haki ya kutangaza mnada wa mwakani. Nani anaanza?"

Hondohondo akageuka kuutafuta mkia wake, akakumbuka hana, akaanza kung'oa manyoya ya bawa.